Karatasi Kwanza: Kuandaa na Kuziba Karatasi ya Picha za Gundi Mjini Goma

Picha ya gundi ikiharibika, wa kwanza kulaumiwa huwa jua, wa pili bikromati, na karatasi hukumbukwa mwisho. Ni heri kuanza na karatasi. Rangi iliyong'ang'ania mahali palipotakiwa kubaki peupe, uso wa mtu uliojaa vidoadoa, tabaka la tatu lililobanduka likaenda na maji: nyingi ya kasoro hizi zimeshazaliwa siku mbili tatu kabla picha haijatolewa juani, pale karatasi ilipolowekwa, ilipozibwa na ilipoanikwa.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: gundi ya mgunga (gomu arabiki) huchanganywa na rangi ya maji na bikromati ya potasiamu, chumvi inayoifanya gundi isikie mwanga, ikapakwa kwenye karatasi, ikakauka gizani, kisha ikafunikwa kwa negativi na kutolewa juani. Panapopigwa na miali ya urujuanimno, gundi hukakamaa na haiyeyuki tena. Panapofichwa, hubaki laini, na maji huiondoa pamoja na rangi iliyobeba. Mskoti Mungo Ponton alieleza mwaka 1839 kwamba karatasi yenye bikromati hubadilika kwa mwanga, na Mfaransa Alphonse Poitevin akaingiza rangi kwenye mchanganyiko mwaka 1855. Kanuni haijabadilika tangu hapo.

Karatasi ni nyuzi zilizolaliana, na katikati ya nyuzi kuna matundu. Gundi yenye rangi ikizama humo, maji hayaitoi hata ukiiacha humo usiku kucha. Kuziba karatasi ni kuyajaza matundu hayo kwa kitu chembamba kisicho na rangi, kama shati linavyotiwa wanga kabla ya pasi. Waliojifunza kwa vitabu vya Kifaransa wanaita ankolaji. Ugumu wake ni kwamba tabaka hilo linatakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana: liizuie rangi isizame, na papo hapo liiachie gundi mahali pa kushika. Likiwa jembamba mno, rangi inatia doa. Likiwa nene mno, picha inavuka kama gamba la nyoka. Kila kipimo kilichomo humu chini kinatafuta katikati ya hayo mawili.

Karatasi yenyewe

Chukua karatasi ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso laini. Fabriano Artistico na Arches Aquarelle za uso laini zinafaa sana. Arches Aquarelle hutoka kiwandani ikiwa imeshazibwa kwa jelatini, ile ile tutakayotumia humu chini, kwa hiyo picha ya tabaka moja unaweza kuichapa juu yake bila kuiongezea kitu. Ukishailoweka katika maji ya moto, lakini, sehemu ya jelatini hiyo inaondoka, na itabidi uizibe kama karatasi nyingine yoyote. Arches Platine nayo ni ya pamba, na sifa yake ni kutotiwa chokaa. Wanaochapa kwa platini wanaihitaji sifa hiyo, gundi haiijali, kwa hiyo usiilipie zaidi kwa ajili ya hilo tu.

Karatasi ya kuchorea ya wanafunzi, ile ya rojo la mbao yenye gramu 160 au 200, itumie kujifunzia kupaka kwa brashi, basi. Picha ya rangi tatu, inayopakwa na kuchapwa rangi moja baada ya nyingine juu ya karatasi ile ile, inalala majini nusu saa hadi saa nzima kwa kila rangi, ukiacha loweko la mwanzo. Karatasi ya mbao inachoka mapema: inaota manyoya, kisha inachanika kwenye kona ulipoishika.

Karatasi kamili ya sentimita 56 kwa 76 inatoa vipande vinne vya 28 kwa 38. Kata kabla ya kuloweka, na ubakize ukingo wa sentimita 3 kila upande nje ya picha. Chagua uso utakaochapia kwa kuiinamisha karatasi dirishani mwanga uje wa pembeni. Uso wenye michoro michache ndio wako. Nyuma andika alama kwa penseli. Usitumie biki, wino wake utatembea.

Maji

Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za baikaboneti, na pH yake iko karibu na 9. Kwa kuloweka karatasi na kuosha picha hayana neno, mradi yamechujwa kwa kitambaa. Usiyeyushie bikromati humo. Maji ya namna hiyo huigeuza rangi ya machungwa kuwa njano, ikawa kromati, na kromati haisikii mwanga kama bikromati. Mtu anaweza kuongeza muda wa jua wiki nzima bila kujua kwamba ugonjwa uko kwenye bidoni.

Maji ya mvua yangekuwa jibu rahisi, ila Goma ina mlima wake. Gesi za volkano ya Nyiragongo huingia katika mvua na kuiacha na asidi na floridi, na bati la paa linaongeza vumbi la makoro, yaani mawe ya lava. Kwa jelatini na bikromati nunua maji distile, yale yanayoongezwa kwenye betri za magari. Lita mbili zinatosha kazi ya wiki. Dukani sema wazi kuwa unataka maji distile. Ukisema "maji ya betri" tu unaweza kupewa asidi, na chupa zake hufanana.

Kuinywesha karatasi mapema

Pamba ikilowa hupanuka, ikikauka hunywea, na mara ya kwanza hairudi pale ilipokuwa. Kama picha yako ni ya tabaka moja, haikuhusu sana. Kama ni ya rangi tatu, milimita moja ya tofauti inatosha kumpa mtu midomo miwili.

Weka nukta mbili za penseli nyuma ya karatasi, sentimita 30 kamili kati yake kwa urefu, na nyingine mbili za sentimita 20 kwa upana. Loweka karatasi katika maji ya digrii 55 hadi 60 kwa dakika 30, ukizigeuza moja moja ili zisigandane. Usiyekuwa na kipimajoto, kuna hesabu ya hapa: mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye digrii 95 badala ya 100. Changanya nusu ya maji yanayochemka na nusu ya maji ya kawaida yenye digrii 20, utapata 57 au 58, na beseni likishakula joto lake unabaki na 55. Bukavu hesabu ni ile ile, kwa sababu kimo ni karibu sawa. Lubumbashi iko chini kidogo, maji huchemka kwenye 96, tofauti haionekani.

Anika kwa vibanio viwili kwenye kona, ikauke kabisa, kisha pima nukta zako. Utaona upana na urefu havikunywea sawa, kwa sababu nyuzi hulala upande mmoja. Rudia loweko mara ya pili na upime tena. Nukta zisiposogea tena, karatasi imetulia. Zikisogea, iloweke mara ya tatu. Kwa kazi ya rangi tatu loweko mbili ni lazima.

Jelatini

Jelatini ya chakula inayouzwa kwa waoka keki inatosha, iwe ya unga au ya majani. Mahali paketi inapoonyesha nguvu yake kwa kipimo cha bluumu, chagua 200 hadi 250. Kwa majani usihesabu, pima kwa mizani, kwa sababu uzito wa jani hutofautiana. Mizani midogo ya kielektroniki wanayotumia wapima dhahabu, inayosoma sehemu ya gramu, ndiyo bora kabisa kwa kazi hii. Jelatini hutokana na mifupa na ngozi za ng'ombe au nguruwe; mwenye miiko asome paketi.

Kipimo ni gramu 30 kwa lita moja ya maji, yaani asilimia 3. Mimina mililita 300 za maji baridi katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, nyunyizia jelatini juu kidogo kidogo, na uiache dakika 20. Usikoroge. Inakunywa maji na kuvimba kama unga wa uji ulioachwa. Anayeitupa moja kwa moja kwenye maji ya moto anapata madonge yenye ngozi nje na unga mkavu ndani, na madonge hayo hayayeyuki kwa ubishi wowote.

Ikishavimba, ongeza mililita 700 za maji ya digrii 70 na ukoroge taratibu kwa mwiko wa plastiki hadi isionekane chembe. Usiichemshe. Jelatini iliyochemshwa hupoteza nguvu ya kuganda, na karatasi iliyozibwa nayo inaonekana sawa siku hiyo kisha inavuja rangi wiki ijayo. Ukipashia moto kwenye mbabula (jiko la makaa), weka sufuria ya jelatini ndani ya sufuria kubwa yenye maji, na makaa yawe yameshika vizuri bila moshi. Chuja kwa soksi ya nailoni iliyooshwa, uondoe povu. Kila kipovu kitakachopanda kwenye karatasi kitaacha tundu lisilozibwa, na tundu hilo utalikuta baadaye kama nukta nyeusi kwenye paji la uso.

Mimina katika sinia la plastiki lenye upana kuzidi karatasi, na sinia hilo likae ndani ya beseni la maji ya moto. Jelatini ibaki kati ya digrii 40 na 45 muda wote. Ikishuka chini ya 35 inaanza kuwa nzito na kuacha mistari.

Shika karatasi kavu kwa kona mbili, iteleze chini ya jelatini kwa mwendo mmoja usiosimama, ifute povu kwa kidole chenye glavu, igeuze, na uiache dakika 2. Kuzamisha pande zote mbili kunaizuia isijikunje kama ganda la mdalasini. Itoe ukiiburuta juu ya ukingo wa sinia au bomba jembamba la plastiki, upande mmoja kisha wa pili, ili ziada irudi sinia. Mburuto huo usiuharakishe, maana ndio unaoamua unene. Tabaka zuri halionekani: karatasi iliyokauka ikiwa na mng'ao wa plastiki, umeacha jelatini nyingi juu yake. Lita moja inafanya vipande 15 hadi 20 vya 28 kwa 38.

Anika kivulini, kamwe si juani. Jelatini inatakiwa igande kwanza ndipo ikauke. Juani inabaki maji, inateremka, na sentimita 5 za chini zinakuwa nene mara mbili ya juu. Kivulini, kwa digrii 20 za asubuhi ya Goma, inaganda ndani ya dakika chache. Tone linalojikusanya kwenye kona ya chini lifute kwa kipande cha karatasi safi.

Hapo wanaingia maadui wawili wa mji huu. Vumbi jeusi la makoro hushika kwenye jelatini mbichi na halitoki tena, na nzi huipenda jelatini kuliko unavyodhani. Chandarua cha zamani kilichooshwa, kikining'inizwa juu ya kamba yote hadi sakafuni, kinawazuia wote wawili. Usianike upande wa barabara. Kiangazi, Juni hadi Agosti, karatasi inakauka kwa saa 4 au 5. Wakati wa mvua iache hadi kesho yake, na usiikaribishe kwenye mbabula ili kuharakisha, kwa sababu masizi nayo ni vumbi. Lubumbashi katika miezi mikavu shida hugeuka: hewa kavu huifanya karatasi ikunjamane kabla hujaiondoa kambani, basi iweke chini ya vitabu ikiwa bado na ubaridi wa unyevu mkononi.

Ikikauka, rudia: tabaka la pili la jelatini ile ile, safari hii sekunde 30 tu ndani ya sinia, na uianike kichwa chini, upande uliokuwa juu sasa uwe chini, ili unene usawazike. Ukiikawiza, jelatini ya kwanza itaanza kuyeyuka. Tabaka moja linatosha kwa picha ya rangi moja yenye giza jingi; kwa rangi tatu, fanya mawili. La tatu halina faida, na hapo ndipo kubanduka kunapoanzia.

Jelatini iliyobaki ikae kwenye friji siku mbili, si zaidi. Ikianza kunuka haina kazi tena.

Kuikakamaza

Jelatini tupu huyeyuka kwenye maji ya uvuguvugu, kwa hiyo haijawa kizuizi mpaka ikakamazwe. Njia ni kadhaa, na hazilingani.

Formoli (formaldehidi iliyoyeyushwa majini) ndiyo inayopatikana kirahisi, kwenye farmasi kubwa, ikiwa na nguvu ya asilimia 37. Pima mililita 25 kwa sirinji, tia katika lita moja ya maji, zamisha kila karatasi dakika 3, kisha anika. Inakakamaza vizuri kuliko nyingine zote, na haiachi rangi. Lakini mvuke wake unachoma macho na koo, na mwaka 2004 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, liliiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanyia uwanjani, upepo ukiwa mgongoni, na glavu za nitrili na miwani. Usifanyie ndani hata dirisha likiwa wazi, wala kwenye baraza mnayotumia na majirani, wala karibu na mjamzito au mtoto. Karatasi zibaki nje chini ya paa mpaka zisinuke hata ukiisogeza moja puani, kwa kawaida siku mbili. Formoli iliyoota ukungu mweupe chini ya chupa imepungua nguvu, nunua nyingine.

Gliokisali ya asilimia 40 haina mvuke mkali kama huo, na ndiyo tungeipendelea kama ingepatikana kirahisi. Huku kwetu huwa ya kuagiza. Tia mililita 25 kwa lita moja ya maji pamoja na nusu kijiko cha chai cha baikaboneti (soda ya kuokea), zamisha dakika 5, anika ikauke, halafu suuza kwa maji baridi dakika 15 ukiyabadilisha mara tatu. Usiruke suuzo hilo. Gliokisali iliyobaki ndani huigeuza karatasi kuwa ya manjano baada ya miezi, na mbaya zaidi, huikakamaza gundi yenyewe bila mwanga, ukapata ukungu wa rangi kwenye picha nzima. Hata karatasi ya formoli inapenda suuzo kama hilo, japo fupi.

Alumu ya kromu, gramu 10 kwa lita moja, dakika 5, inafanya kazi na inaacha kivuli hafifu cha kijani. Kwa picha ya rangi ya udongo au nyeusi hakuna atakayekiona.

Shabu, ile alumu nyeupe ya potasiamu, ni ya rahisi na salama, lakini dhaifu. Yeyusha gramu 3 katika maji ya uvuguvugu kidogo, uimimine polepole ndani ya lita moja ya jelatini ukikoroga, kisha uzibe kama ilivyoelezwa juu, bila kukakamaza tena. Tabaka lake linastahimili maji baridi, halistahimili ya moto. Inatosha picha ya rangi moja, pengine mbili. Ina asidi, na asidi huidhoofisha karatasi kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo picha unayotaka ikae ukutani kwa wajukuu usiizibe kwa shabu.

Je, jelatini imekakamaa? Usikisie. Kata kipande cha vidole viwili kutoka ukingoni, kitie katika maji ya digrii 50 kwa dakika 5, kisha kisugue kwa kidole gumba na cha shahada. Ikiteleza kama ngozi ya kambare, bado. Irudishe kwenye dawa. Ikikwaruza kidogo kama karatasi iliyolowa, iko tayari.

Kama hakuna dawa yoyote

Jeso ya akriliki, ile nyeupe ya wachoraji, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, ipakwe kwa brashi laini kwenda na kurudi kisha kukatisha, matabaka mawili. Haihitaji kukakamazwa. Uso wake una chembe zinazoshika gundi vizuri, ila weupe wake ni mkali na alama za brashi hubaki ukiwa na mkono mzito.

Wanga nao ni njia ya zamani. Gramu 20 za wanga safi wa muhogo, ule uliotuama chini ya maji, si unga wa fufu, kwa lita moja: koroga kwanza na maji baridi, mimina katika maji yanayochemka, pika hadi uwe angavu, chuja, paka ukiwa vuguvugu. Ni wa picha ya tabaka moja na maji baridi tu. Karatasi yake ipimwe kabla ya kuaminiwa, na kipimo chenyewe ni hiki.

Jaribio la doa

Kata vipande vitatu vya sentimita 4 kwa 15: kimoja hakikuzibwa, kimoja chenye tabaka moja, kimoja chenye mawili. Changanya mililita 5 za gundi (gramu 35 za gundi kwenye mililita 100 za maji), nusu gramu ya rangi ya maji ya tyubu, na mililita 5 za bikromati ya potasiamu iliyoyeyushwa gramu 12 kwa mililita 100. Tumia bluu ya ftalo, kwa kuwa ni miongoni mwa rangi zinazotia doa kwa ukaidi. Karatasi ikiishinda hiyo, nyingi nyingine hazitaisumbua. Bikromati ni sumu na inasababisha saratani: glavu daima, barakoa unapopima unga wake, na isiguse chombo cha jikoni.

Paka vipande vyote kwa brashi moja, haraka na kwa wembamba, uvikaushe gizani. Funika nusu ya kila kipande kwa kartoni nene, uvipeleke juani dakika 4, kisha uviweke kifudifudi katika maji ya digrii 20 hadi 25. Badilisha maji baada ya dakika 5, kisha uviache hadi ifike nusu saa bila kuvisugua.

Sasa vitazame vikiwa bado na maji, kando kwa kando. Kipande kisichozibwa kitakuwa na buluu ya anga pale palipofunikwa, na ukikikaribia utaona rangi imefuata nyuzi kama mishipa. Chenye tabaka moja kitakuwa na kivuli hafifu, au hakina. Chenye mawili kinatakiwa kiwe cheupe sawa na ukingo usiopakwa kabisa. Linganisha na ukingo huo, si na kumbukumbu. Upande uliopigwa jua nao una habari yake: rangi ikitoka vipandevipande hapo, huku ikiwa safi kwenye upande uliofunikwa, jelatini imezidi, au mwanga ulikuwa mchache. Toa kipande kingine jua dakika 8 kabla ya kuilaumu jelatini.

Kasoro zinazofanana

Doa la picha nzima linaweza kutoka mahali patatu. Likiwa na nyuzi ndani yake, ni uzibaji. Likiwa laini kama pazia, na karatasi ilikaa saa nyingi baada ya kupakwa, gundi imekakamaa yenyewe gizani; wakati wa mvua, hewa ikiwa nzito, jambo hili huenda haraka, kwa hiyo toa picha juani mara tu inapokauka. Na kama ni rangi moja tu inayotia doa huku nyingine zinatoka safi, punguza rangi hiyo kwenye mchanganyiko, karatasi haina kosa.

Nukta kama pilipili ni povu au vumbi. Mistari ya kushuka ni jelatini iliyopoa sinia au iliyoanikwa juani. Upande mmoja wa picha kushika na mwingine kubanduka ni karatasi iliyoanikwa mara zote mbili kichwa juu. Utelezi unaotokea kwenye rangi ya pili, wakati ya kwanza ilikwenda vizuri, ni ukakamavu usiokamilika, na karatasi hiyo haiokoleki tena kwa picha iliyopo; maliza na rangi ulizonazo.

Mabaki na hifadhi

Goma imekaa juu ya lava iliyopasukapasuka, na unachomwaga uani kinashuka upesi kuliko kwenye udongo, kuelekea maji yale yale ya ziwa. Maji ya bikromati yakusanye kwenye bidoni yenye alama. Yeyushia vidonge vya vitamini C, kimoja kimoja, ukitikisa, hadi rangi ya machungwa iishe yote na kubaki kijani; hapo kromu imeacha umbo lake la sumu kali. Ongeza baikaboneti mpaka isitoe povu tena, acha siku mbili, na mashapo ya kijani yatatulia chini. Yachuje, yakaushe, yafunge kwenye plastiki, na usiyatupe shambani. Dawa ya formoli iliyotumika imimine kwenye ndoo yenye jelatini iliyobaki badala ya kuimwaga. Hushikana na kuwa kitu kama mpira, na ndoo yenyewe ikae nje na kifuniko chake.

Karatasi zilizokamilika zilazwe tambarare, karatasi safi kati yake, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Jelatini huota ukungu msimu wa mvua kama mkate. Andika juu ya mfuko tarehe, idadi ya matabaka na dawa uliyotumia, na uzimalize ndani ya miezi sita. Zilizopita hapo zirudie jaribio la doa kwanza.